Pigo la Pili Katika Kinu cha Mama Marlène

Kinu cha Hortense kililala nje, chini ya upenu, na kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kukiinamisha kumwaga maji ya mvua, kukipangusa kwa kipande cha kitenge kuukuu, kisha kukijaza majani ya muhogo. Alikaa Kyebando, katika chumba kimoja cha safu ndefu ya vyumba ambavyo Kampala wanaviita mizigo, na sombe aliyoitwanga hapo ndiyo aliyoiuza katika soko la Kalerwe, imefungwa katika mifuko midogo. Wateja wake wengi walikuwa Wakongomani kama yeye. Walikuwa wamekwisha kukubali mengi ya ugenini, ila sombe ya kusagwa kwa mashine waliikataa katakata. Walisema ina ladha ya chuma.

Alitwanga peke yake, lakini mapigo yalikuwa ya watu wawili. Mchi wake ulishuka, ukainuka, na kabla haujashuka tena lilikuja pigo jingine kutoka chini, ndani ya kinu, zito kama la kwake, na majani yakaruka kidogo. Kisha lake. Kisha la chini. Siku pigo hilo lilipokuja kwa mara ya kwanza, Hortense alisogea upande wa kushoto kama mtu anavyompisha mwenziwe, akaendelea na kazi. Alilijua ni la nani. Marlène, binti yake, alitwanga hivyo tangu utotoni: anachelewa kidogo, halafu anateremsha kwa nguvu kana kwamba ana ugomvi na majani.

Kwao, wanaotwanga wawili katika kinu kimoja hawaachi kimyakimya. Aliyechoka huugonga mdomo wa kinu kwa mchi, mara mbili, kumwambia mwenziwe kwamba mimi napumzika, wewe endelea. Asipogonga, mwenziwe atasita akisubiri pigo ambalo haliji, mchi utapotea njia na mtu ataumia. Watoto wa kike wa huko hufundishwa kugonga kabla hawajafundishwa kutwanga. Tangu pigo la chini lianze, Marlène alikuwa hajagonga hata siku moja. Aliyechoka kwanza siku zote alikuwa mama yake.

Jirani wa ukuta mmoja, Anena, mjane wa askari polisi aliyehamia hapo kutoka Kitgum, hakulalamika ila kuhusu vikombe. Vilikuwa vinatembea kwenye rafu asubuhi, vikifika ukingoni vinaanguka. Alipopoteza cha pili alitandika taulo chini yake na jambo likaisha. Kila alipomwona Hortense alimwuliza Marlène ameamkaje, na Hortense alimjibu kwamba ameamka na nguvu.

Marlène alikuwa chini ya kilima cha Kalongwa, huko Kivu ya Kusini, na amekuwa chini yake tangu mvua za masika. Kalongwa ni kilima cha dhahabu. Wanaume wanaingia ndani kutoa mawe, na wanawake wanakaa nje katika kibanda cha turubai, wakiyatwanga mawe hayo katika vinu vya chuma mpaka yawe unga wa kuoshwa. Ni kazi inayotoboa mapafu, na wanaoifanya ni wale ambao hawakubaki na nyingine. Kampuni yenye kilima ilileta mashine ikachimba sehemu ya chini ya mlima, juu kidogo ya kibanda, wiki ambayo ardhi ilikuwa inatoa maji kama nguo isiyokamuliwa. Wanawake walionya. Waliambiwa watwange. Siku ya tatu yake kilima kikashuka chote kwa mpigo, kibanda kikafunikwa pamoja na wanawake tisa waliokuwamo.

Kampuni ilieleza kwamba siku hiyo kibanda kilikuwa kimefungwa. Hapakuwa na mtu. Wale wanawake ambao hawakurudi nyumbani walikuwa wamekimbia na wanaume, jambo la kawaida sehemu zenye dhahabu, na kuhusu Marlène walijua hata upande alioelekea: alikwenda Kindu na dereva wa lori. Bénit, kijana aliyekuwa akiuza mikate pale kilimani, alimwona kwa macho yake akiingia kibandani na mkate wake mkononi. Alisema hivyo kwa watu wawili watatu, akatembelewa jioni na walinzi wa kampuni, na sasa yuko Kampala anauza makava ya simu na hasemi kitu. Kwa kuwa hapakuwa na mtu, hapakuwa na sababu ya kuchimba. Uzio ukawekwa.

Kwa hiyo Hortense hakuweza hata kumlilia mwanawe. Mchungaji wa kanisa lao hapo Kyebando alikuwa mtu mwema, lakini alisema hawezi kukalisha watu matanga ya mtu ambaye habari zake ni kwamba yuko Kindu. Alete neno la kwamba amekufa, au amlete mwenyewe. Kwa hiyo mtaa mzima uliendelea kumwita Mama Marlène, kama wanavyomwita kila mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na kila alipoitwa Hortense aliona jinsi jina lile lilivyokaa hewani bila pa kutua. Alitaka jambo moja tu. Alitaka kilima kifunguliwe, mwanawe atolewe, afukiwe upya na watu wanaomjua.

Olanya alikuja mwezi wa tisa, akiwa na begi mgongoni na viatu vilivyojaa matope mekundu. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mzaliwa wa nyumba za polisi za Nsambya, ambako baba yake Mwacholi alikaa miaka yote ya kazi yake na ambako watoto hujifunza Kiswahili cha kambini kabla ya Kiganda. Ndiyo maana ofisini kwao, ofisi ya kupima matetemeko, alitumwa yeye kila palipokuwa na Wakongomani au wanajeshi. Nyuma ya shule moja ya Kyebando walikuwa na mashine yao, imezikwa kwenye shimo la saruji, ikisikiliza ardhi mchana na usiku. Kila asubuhi mashine hiyo iliandika vilima vidogo vidogo vinavyofuatana, na mkuu wa Olanya alikuwa amechoka navyo.

"Mama, pole kwa kusumbua," Olanya alisema. "Hii kinu yako inaingia kwa mashine yetu. Kila asubuhi. Bosi anafikiri iko tetemeko, kumbe ni wewe."

"Haiko miye peke yangu," Hortense akamjibu. "Ikala kwanza, papa. Usikilize."

Olanya alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisikiliza mapigo ya kwanza, akasikiliza ya pili, akaangalia majani yanavyoruka mchi ukiwa juu. Akafungua begi, akatoa chombo kidogo cha chuma, akakiweka sakafuni karibu na kinu na kumwomba mama apumzike kidogo. Hortense aliugonga mdomo wa kinu mara mbili, akauweka mchi begani. Pigo la chini likaendelea peke yake, bila kuharakisha wala kupunguza. Olanya alitazama namba zake, akaandika, akauliza ni nani huyo.

"Iko mutoto wangu, Marlène. Tunatwanganga wawili."

Olanya aliitika kwa kichwa. Akauliza kama Jumapili pia anatwanga, akaambiwa Jumapili wanapumzika wote. Halafu akafanya kazi aliyofundishwa kufanya. Akazunguka safu nzima ya vyumba akiuliza kila mtu maswali yaleyale: asubuhi ulisikia kitu? Ulikuwa umekaa, umelala, au unatembea? Vitu vilivyoning'inia vilicheza? Kuna kilichoanguka? Anena alimwonyesha taulo. Wengine hawakusikia kitu. Fundi wa viatu wa chumba cha mwisho alisema alisikia, ila alidhani ni njaa.

Aliporudi uani alimweleza Hortense kwamba tetemeko hupimwa mara mbili. Mara ya kwanza linapimwa pale lilipozaliwa, nguvu zake zote, na hapo linapata namba moja tu. Namba hiyo haibadiliki, uwe Kampala au uwe Kisangani. Mara ya pili linapimwa pale lilipofika, kwa waliyoyasikia watu na kwa vilivyovunjika, na hapo namba ni nyingi, kila mahali na ya kwake. Ya kwanza mashine inaijua. Ya pili inategemea nani ameulizwa. Hortense alimuuliza kama Marlène anaweza kupimwa mara ya kwanza. Olanya akasema ataangalia.

Alirudi baada ya wiki na ramani. Ardhi ikipigwa mahali, alisema, hutoa mitetemo miwili. Wa kwanza una mbio, unasukuma. Wa pili ni mzito, unatikisa, na unachelewa. Ukijua umechelewa kwa muda gani unajua umetoka umbali gani, kama unavyohesabu kati ya radi kumulika na radi kunguruma. Pigo la Marlène lilikuwa na pengo la karibu dakika nzima kati ya mitetemo yake miwili, na hiyo haiwezi kuwa Kyebando. Akachora duara kuizunguka Kyebando. Akachora la pili kuuzunguka mtambo wao mwingine, na la tatu kuuzunguka wa tatu. Yalikutana mahali pamoja. Hortense hakuwa mtu wa ramani, lakini mto aliutambua, na njia ya lori aliitambua, na pale mistari ilipokatana palikuwa Kalongwa.

Kulikuwa na jambo moja lililomtatiza Olanya, akalisema. Kama mtetemo unachukua muda mrefu hivyo kufika, basi Marlène analazimika kuteremsha mchi wake mapema, kabla mama yake hajainua wa kwake, ili pigo liingie kwenye nafasi. Hortense hakuona tatizo. Msichana aliyetwanga na mama yake tangu meno hayajaota anajua mama atateremsha lini.

"Sasa munajua fasi yenye mutoto iko," alisema. "Mutachimba siku gani?"

Olanya alikunja ramani polepole. Ofisi yao haichimbi, alisema, inapima. Na hata katika kupima, mkuu wake ana mstari wake: chochote kilicho chini ya tatu hakiandikwi, kwa sababu ardhi inatikisika kila siku kwa malori, mapambio ya makanisani na mashine za kokoto, na mtu hawezi kuamkia kazi ya kuandika malori. Pigo la Marlène lilikuwa moja na nukta mbili. Alisema kwa haki yote kwamba hiyo ni kubwa sana kwa mtu mmoja. Mchi wa kawaida hauvuki uzio. Hortense, katikati ya machungu yake, alisikia fahari kidogo, kwa sababu Marlène alikuwa na mkono mzito tangu mdogo.

"Na ikipita tatu?"

"Ikipita tatu tunaandika, mama. Inaenda kwa ofisi zote, mpaka Kinshasa. Na wa kule lazima waulize kumetokea nini kwa hiyo kilima. Hiyo ni sheria."

Ikawa hapo ndipo tumaini la Hortense lilipokaa, katika namba tatu. Alimwomba Olanya amfafanulie ngazi zake, naye akamfafanulia: kupanda namba moja si kuongeza kidogo. Kila namba ikipanda, ardhi inacheza mara kumi zaidi, na nguvu iliyotumika inazidi mara thelathini na mbili hivi. Kutoka kwa Marlène mpaka kufika tatu wangehitajika watwangaji kama mia tano wa mkono wake. Hortense alisema kibandani walikuwa tisa. Olanya akasema basi haiwezekani, akavaa begi lake.

Lakini Hortense hakuwa mtu wa kulala na neno haiwezekani. Aliwaza namna yake usiku kucha, na asubuhi, pigo la chini lilipokuja, akapata jibu. Marlène anaitika kwa sababu anakijua kinu cha mama yake. Wale wanane wengine hawaitiki kwa kuwa hakuna aliyewatwangia. Akaanza kwenda nyumba hadi nyumba. Alikwenda kwa wauza vitenge, kwa wasusi, kwa wafua nguo, kwa wanawake wa kwaya, mpaka Katwe na Nsambya, kote alikojua kuna mama wa kutoka kule mwenye mtu ambaye inasemekana alikimbia. Hawakuwa wachache. Kuna aliyeambiwa mume wake alikimbilia Lubumbashi. Kuna aliyeambiwa wanawe watatu walivuka ziwa siku moja, bila kubeba nguo. Hakuna aliyemwuliza Hortense kama ana kichaa. Waliuliza wachukue kinu gani.

Mchungaji alitoa uwanja wa kanisa kwa Jumamosi, kwa sharti kwamba waanze na sala na wafagie wakimaliza. Walikuja tangu asubuhi wakiwa na vinu vichwani na mgongoni, vinu vya sombe, vinu vya karanga, na bibi mmoja akaja na kile kidogo cha kitunguu saumu, kwa kuwa kikubwa alikiacha siku aliyokimbia. Uwanja ukajaa mpaka barazani. Olanya aliweka chombo chake katika chumba anachobadilishia mavazi mchungaji, akafunga mlango ili kuku wasiingie. Bénit naye alikuja akasimama langoni, hakuingia.

Hortense alianza. Pigo lake, na la chini likajibu kama kawaida, kwa kuchelewa kidogo na kwa hasira. Halafu wakateremsha wote.

Kwa muda hapakuwa na jibu jingine. Wanawake walitwanga, jasho likawatoka, vumbi likapanda mpaka viunoni. Kisha mama mmoja wa safu ya mbele akasogea upande mmoja, akampisha mtu. Akafuata wa pembeni yake. Wakawa wanasogea mmoja mmoja, kila mmoja akisikia pigo lake likija kutoka chini kwa namna ya mtu anayemjua, na baadhi wakawa wanataja majina wakiendelea kutwanga. Ardhi ya uwanja ikaanza kuruka. Kioo kimoja cha kanisa kilipasuka kutoka kona hadi kona. Kengele ikalia yenyewe, si sana. Nje ya uzio, mita chache kutoka hapo, mwenye boda alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake anakula chapati, na chai yake ndani ya kikombe haikucheza.

Halafu yakaja mengine. Yalikuja kati ya mapigo, yakajaza nafasi zote, mapigo ambayo hayakuwa ya mama yeyote uwanjani. Bibi wa kinu kidogo ndiye aliyeacha kwanza. Alisema mkono wake hauna shida, ila ni wengi mno, na hawana mwenye kinu. Wakaacha wote, kila mmoja akigonga mdomo wa kinu chake mara mbili. Chini waliendelea kwa kitambo, kisha wakatulia.

Olanya alitoka na karatasi. Ilikuwa nne na nukta moja. Wanawake wakapiga vigelegele, kwa sababu walichokuwa wakikitafuta ni tatu tu. Yeye hakushangilia. Alimvuta Hortense pembeni, karibu na tangi la maji, akamwambia kwamba ameichukua ile nguvu yote akaigawa kwa nguvu ya Marlène. Ameigawa mara mbili, akihofia amekosea. Ilikuja zaidi ya watu elfu ishirini.

Hortense alikitazama kitenge chake kilichojaa vumbi. Moyo ulimuuma kwa uchungu ambao hakuutegemea, kwa sababu alikuja kumtafuta mmoja.

"Bale bote banatoka Kalongwa?" aliuliza.

"Kalongwa na pembeni yake, mama. Vilima vyote vya hapo. Wengine wako chini sana, wa zamani."

Hortense alimwomba asiwaambie wanawake wenzake. Lakini wenzake walikuwa wamesikia kwa masikio yao, wakafagia uwanja kama walivyoahidi.

Jumatatu tetemeko liliandikwa. Mkuu wa Olanya alifurahi, kwani nne na nukta moja si kitu cha kudharau, na alimpongeza mbele ya wote kwa kuwa wa kwanza kulipata. Lilikwenda kwenye ofisi zote, Kinshasa ikiwamo, likiwa na saa yake, mahali pake na kina chake. Kinshasa walifanya kama sheria inavyotaka. Walituma maswali Kalongwa: mlisikia? Mlikuwa mmekaa, mmelala, au mnatembea? Kuna kilichoanguka? Waliojibu ni wale waliokuwa na ofisi ya kupokea maswali, yaani kampuni. Walijibu kwa adabu na kwa haraka. Walisema walisikia kidogo, kama lori linalopita. Chupa moja ya soda ilianguka kutoka juu ya friji ya meneja. Hakuna nyumba iliyobomoka, hakuna aliyeumia, hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo katika kipimo cha pili, kile cha waliyoyasikia watu, likapewa daraja la tatu, ambalo maana yake ni kwamba wengi hawakujua kama ni tetemeko. Safu ya waliokufa ikaandikwa sifuri. Mhandisi wa kampuni aliongeza shukrani za pekee. Taarifa hiyo ilikuwa imemsaidia kujua kwamba kilima kimeshakaa vizuri upande wa uzio, na kwamba sasa wanaweza kuhamisha mashine kwenda upande wa pili na kufungua shimo jipya. Walikuwa wanatafuta wanawake wa kutwanga.

Olanya aliyaleta hayo mwenyewe, Kalerwe, akamkuta Hortense nyuma ya beseni lake la sombe, katikati ya muuza nyanya na muuza nanaa. Alimweleza yote hadi soda. Hortense alimsikiliza huku akimfungia mteja mifuko miwili na kumrudishia chenji. Mteja alipoondoka, hasira ilimpanda mpaka akaikalia mikono yake.

"Benyewe benye banatwanga, baliuliziwa?"

"Hapana, mama. Ile karatasi inauliza wenye walisikia," Olanya alisema, macho chini. "Wenye walipiga, hawana mahali pao."

Alisema amejaribu. Alimwonyesha mkuu wake ile hesabu ya kugawa, na mkuu wake akaipitia yote, akakiri kwamba haina kosa. Akasema tu kwamba watu si kipimo cha nguvu kinachotambulika. Kama wanawake watatwanga tena, ofisi itaandika tena, na itakuwa hivyohivyo. Aliuliza kama chombo kidogo kinaweza kubaki kwake Hortense, karibu na kinu, kwa kuwa hakuna kituo kingine kinachoisikia Kalongwa vizuri namna ile. Hortense alisema kibaki, mradi asilaumiwe akimwaga maji juu yake wakati wa kuosha majani. Alimpa mfuko mmoja wa sombe ampelekee mama yake Nsambya, akamwelekeza kwamba asiweke mafuta kabla haijachemka.

Mchungaji hakukalisha matanga. Taarifa ilikuwa imetoka, tena ya serikali mbili, na ilisema sifuri. Bado Marlène alikuwa Kindu na dereva wa lori.

Asubuhi iliyofuata Hortense alikiinamisha kinu, akamwaga maji, akakipangusa, akatia majani. Hakumweleza Marlène habari za soda wala za shimo jipya. Alisema tu kwamba leo majani ni ya Luwero na yana mishipa mingi, akateremsha mchi. Pigo la chini lilikuja. Lilikuwa limechelewa kuliko kawaida yake, na ile hasira haikuwamo. Wakatwanga hivyo, moja la mama, moja la mtoto, mpaka majani yakaanza kushikana.

Kisha, mahali pigo la chini lilipopaswa kuwa, uligongwa mdomo wa kinu. Uligongwa mara mbili, kwa utaratibu, kama alivyofundishwa, na umande uliokuwa ukingoni ukadondoka.

Hortense hakusimamisha mkono, kwani anayegongewa huwa anaambiwa aendelee. Machozi yalimtoka yakaingia kwenye sombe na hakuyafuta, maana kufuta kungehitaji mkono. Upande wa pili wa ukuta Anena alisikia kimya cha vikombe vyake, akangoja, halafu akalikunja lile taulo akaliweka juu ya kiti. Nyuma ya shule mashine iliandika vijilima viwili vya mwisho, vidogo mno. Olanya aliviona mchana huo kwenye skrini yake, akavitazama mpaka chai ikapoa. Vilikuwa chini ya moja, na chini ya tatu hakiandikwi kitu.

Hortense alitwanga peke yake mpaka mwisho, na baada ya kila pigo lake aliacha nafasi ya pigo moja. Kwa sababu hiyo sombe ilichelewa kulainika, na Hortense alifika Kalerwe wateja wakiwa wameshaanza kuulizana yuko wapi Mama Marlène. Aliwaambia kwamba majani ya leo yalikuwa magumu.